Miaka miwili Australia nikihesabu wanyama wenye mfuko: uzi kwa wanaotaka kusomea ikolojia ya porini nje ya nchi

#1 Mtegaji wa Moro (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nimekuwa msomaji wa jukwaa hili miaka mingi bila kuandika. Wiki hii vijana watatu wamenitumia ujumbe wakiuliza jambo lile lile: kuna maana gani Mtanzania kwenda kusomea wanyama ambao kwao hawapo? Nikaona nijibu hapa hapa, wote wasome.

Mimi ni mzaliwa wa Kilosa. Shahada ya kwanza nilisoma SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro, na huko ndiko nilikojifunza kutega panya wa mashambani kwa vile vimtego vya boksi la bati, chambo siagi ya karanga na pumba. Baadaye nikapata nafasi ya uzamili Perth, Australia Magharibi. Mnyama niliyepangiwa anaitwa woylie. Siku ya kuaga, baba mdogo aliniuliza mbele ya wazee: "Sasa mwanangu, hao panya wa Wazungu watatusaidia nini ukirudi?" Nilikaa kimya, maana jibu sikuwa nalo.

Woylie si panya. Ni ndugu mdogo wa kangaruu, ana kilo moja hadi moja na nusu, anaruka kwa miguu ya nyuma, na mkia wake unakunja na kushika kitu, kwa hiyo majani ya kutengenezea kiota anayabeba kwa mkia. Chakula chake kikubwa ni uyoga unaoota chini ya ardhi. Usiku kucha anachimba, na kwa mwaka woylie mmoja anafukua udongo wa tani kadhaa. Mbegu za uyoga ule zinatoka kwenye kinyesi chake, zinakwenda kukaa kwenye mizizi ya mikalitusi, na mti unapata maji na madini vizuri zaidi. Pale woylie alipokwisha, ardhi ya juu inakuwa ngumu na mvua inatiririka bila kuingia. Nimeiona kwa macho yangu mipaka ya namna hiyo, upande huu mashimo madogo madogo kila hatua tatu, upande wa pili pamekauka kama sakafu.

Kazi yangu ilikuwa msitu wa Dryandra, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kusini mashariki mwa Perth. Mitego ni vizimba vya waya, kimoja kila mita 200 kandokando ya njia, kila kimoja kimefunikwa gunia ili mnyama asipigwe na baridi wala asiogope mwanga. Chambo? Siagi ya karanga, shayiri na samaki wa kopo. Nilipoinusa ile harufu mara ya kwanza nikaikumbuka Morogoro.

Mwezi wa saba kule ni baridi inayouma vidole. Tunaamka saa kumi na moja alfajiri, maana kila mtego lazima uwe umekaguliwa kabla jua halijapanda. Ukikuta mlango umefunga, hufungui hovyo. Unaweka mfuko wa kitambaa mdomoni mwa mtego, unanyanyua upande wa pili taratibu, mnyama anaingia mwenyewe gizani na kutulia. Ile mifuko ni ya merikani, merikani hii hii ambayo bibi zetu walishonea mito. Ndani ya merikani unausikia moyo wa mnyama ukipiga kwenye kiganja chako.

Hapo unapima uzito kwa mizani ya kuning'iniza, unapitisha skana mgongoni kuona kama ana chipu ya namba ya utambulisho, na kama hana unamwekea moja ya ukubwa wa punje ya mchele. Unapima mguu wa nyuma. Kisha, kama ni jike, unafunua mfuko kwa kidole kimoja na kutazama ndani. Mtoto wa siku chache ni mwekundu, hana nywele, macho hayajafunguka, ameng'ang'ania chuchu utadhani ameshonewa pale. Nilipomwona wa kwanza nilisahau kuandika vipimo, mwenzangu akaniita mara mbili.

Naendelea kesho. Maswali karibuni.

#2 Kiteto

Nimeweka kambi hapa. Ila mkuu, swali. Panyabuku wa pale SUA, wanaofundishwa kunusa mabomu na TB, si nao kwa Kiingereza wanaitwa panya wa mifuko? Basi nao ni jamii hiyo hiyo?

#3 Mtegaji wa Moro

Swali zuri, maana wengi huchanganya. Panyabuku mifuko yake iko mashavuni, ni ya kubebea chakula. Mtoto wake anakulia tumboni kwa kondo la nyuma kama wa ng'ombe au wa binadamu, basi. Mnyama tunayemwita mwenye mfuko anatofautiana kwenye uzazi wenyewe. Mimba ni fupi mno: kangaruu mwekundu, mnyama mrefu kama mtu, mimba yake ni siku 33 hivi, na mtoto anazaliwa hajafika hata gramu moja. Anapanda mwenyewe kwa mikono ya mbele kwenye manyoya ya mama mpaka kwenye chuchu. Malezi yote makubwa yanafanyika kwenye maziwa. Na mama huyo anaweza kunyonyesha watoto wawili wa umri tofauti, kila chuchu ikitoa maziwa yake tofauti, huku yai lililotungwa limesimama tumboni likingoja nafasi.

Wengine hata mfuko hawana. Kule Dryandra kuna numbat, mnyama wa mistari mgongoni anayekula mchwa tu, mpaka 20,000 kwa siku, na anatembea mchana. Jike wa numbat ana chuchu nne na manyoya ya kuzikinga, watoto wananing'inia tumboni nje nje.

Afrika leo haina hata mmoja wa jamii hii. Wako Australia, Papua na visiwa vya karibu, na Amerika. Majina tunayoyatumia ni ya wenyeji: numbat, quokka, woylie na chuditch yametoka kwa Wanoongar wa kusini magharibi mwa Australia. Kangaruu limetoka kwa Waguugu Yimithirr wa Queensland, liliandikwa mwaka 1770.

#4 Mzalendo wa Kweli

Mtoa mada, nakuheshimu kwa elimu yako, ila nitasema linaloniuma. Nchi yetu ina Serengeti, ina Selous, ina Ruaha. Tembo wanauawa, simba wanalishwa sumu na wafugaji. Kijana mwenye akili anakwenda kutumia miaka miwili kumhesabia mtu mwingine sungura wake. Hilo si sawasawa na fundi anayeacha nyumba yake inavuja akaenda kuezeka ya jirani?

#5 Mtegaji wa Moro

Mkuu, hoja yako ndiyo ya baba mdogo, na naiheshimu. Naomba nikusimulie kilichompata woylie, halafu utaona kwa nini nadhani jirani ndiye aliyenionyesha palipovuja kwangu.

Zamani woylie alikuwepo karibu nusu ya chini ya bara zima. Walowezi wakalima, wakaleta na wanyama wawili: paka, tangu mwaka 1788, na mbweha mwekundu katika karne ya 19 kwa ajili ya michezo ya kuwinda. Wanyama wadogo wa kule hawakuwa na uzoefu na wawindaji wa aina hiyo. Tangu walowezi wafike, Australia imepoteza zaidi ya spishi 30 za mamalia, idadi ambayo hakuna nchi nyingine imeifikia kwa kipindi hicho. Woylie akabaki sehemu tatu tu kusini magharibi: Dryandra, Tutanning na Upper Warren.

Kwa nini pale? Hapa ndipo panaponivutia mpaka leo. Msitu wa eneo lile una mimea ya jamii ya Gastrolobium yenye sumu iitwayo floroaseteti. Wafugaji wa mwanzo walipoteza ng'ombe na kondoo wengi kwa mimea hiyo. Lakini wanyama wa asili wamekula majani na mbegu zake vizazi na vizazi, miili yao ikazoea. Mbweha hana kinga hiyo, anakufa kwa kidogo sana. Basi wahifadhi wakatengeneza chambo cha nyama chenye sumu ile ile, maarufu kwa namba 1080, wakakisambaza porini. Mbweha akapungua, woylie akabaki mzima. Mpango mkubwa wa kusambaza chambo kutoka angani, Western Shield, ukaanza mwaka 1996. Mwaka huo huo woylie akaondolewa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini. Watu walishangilia, na walikuwa na haki.

Kati ya mwaka 1999 na 2006 woylie akaanguka kwa takriban asilimia 90.

Mkuu, jiulize ingekuwaje kama wangekunja mitego yao mwaka 1996 wakasema kazi imekwisha. Wasingejua. Msitu unaonekana ule ule, miti imesimama, ndege wanalia. Waligundua kwa sababu kila mwaka kuna watu waliendelea kurudi kwenye njia zile zile, mitego ile ile, wakiandika namba za chipu. Paka ndiye aliyeonekana kuchukua nafasi baada ya mbweha kupungua, na paka hapendi nyama iliyolala, anataka kitu kinachotembea, kwa hiyo chambo hakimpati kirahisi. Magonjwa na vimelea pia vilichunguzwa.

Sasa nirudi nyumbani. Tembo tunawahesabu kwa ndege, na ni vizuri. Lakini niambie, nani anajua idadi ya sengi, yule mnyama mdogo wa pua ndefu, wa milima ya Udzungwa? Yule wa uso wa kijivu alitambulishwa rasmi kwa sayansi mwaka 2008, mnyama wa gramu 700, mkubwa kuliko sengi wote, amekaa milimani kwetu siku zote hizo. Komba je? Akipungua kwa asilimia 90 kwenye msitu wa Kilosa kwetu, nani atagundua, na mwaka gani? Kule nilijifunza namna ya kuwa mtu anayegundua mapema.

#6 Mwana Uvira

Jambo ndugu zangu. Mimi ni Mkongomani, nilikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka mingi, sasa niko Launceston, kisiwani Tasmania, Australia. Nafanya kazi kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa. Nimefurahi kuona Kiswahili kinazungumzia huku.

Nyama wa huku wanaitwa devil, shetani. Usiku wa kwanza kuwasikia sikulala. Ndama alikuwa amekufa, wakaja kumla, wanalia kama watu wanaopigana. Asubuhi kulibaki kidogo sana, hata mifupa wamevunja. Bosi wangu mzee ananiambia zamani walikuwa wengi sana, sasa unakaa miezi hujamwona. Njiani kuna vibao vya kusema punguza mwendo usiku. Nilimwona mmoja amegongwa, usoni ana kidonda kikubwa kama ua limeoza. Nilishuka garini nikamwangalia. Ni ugonjwa gani ule?

#7 Mtegaji wa Moro

Karibu sana ndugu yangu wa Uvira. Huyo devil naye ni mnyama mwenye mfuko. Ulichokiona huenda ndicho kinachowamaliza. Ni saratani ya usoni, ilionekana mara ya kwanza mwaka 1996 kaskazini mashariki mwa kisiwa hicho. Ajabu yake ni kwamba inaambukiza: seli zenyewe za uvimbe zinahama kutoka mnyama mmoja kwenda mwingine wanapong'atana, wakati wa kugombea mzoga au kupandana. Chanzo chake ni seli za devil mmoja jike aliyekwisha kufa zamani. Mwaka 2014 ikapatikana saratani ya pili ya aina hiyo hiyo, imeanza yenyewe kusini mashariki. Kwa jumla devil wamepungua kwa asilimia 80 hivi.

Nilikwenda Tasmania wiki mbili kusaidia timu ya wenzangu. Kule mtego ni bomba nene la plastiki, ndani laini, ili asivunje meno kwa kung'ata waya. Ukishamwingiza kwenye gunia unafunua uso tu, unapapasa taya na midomo kutafuta vivimbe. Wote tulidhani devil atapambana, kumbe gizani anatulia kabisa. Jike ana chuchu nne, naye huzaa watoto 20 na zaidi, wadogo kama punje ya mchele. Wanne wa kwanza kushika chuchu ndio wanaoishi. Na tangu ugonjwa uje, majike wengi wameanza kuzaa wakiwa na mwaka mmoja badala ya miwili.

Nitaje na kosa lao moja, maana ni somo kwa anayesomea uhifadhi. Mwaka 2012 walianza kupeleka devil wazima kwenye Kisiwa cha Maria ili wazaliane mbali na ugonjwa. Walizaliana vizuri. Lakini kisiwa kilikuwa na pengwini wadogo jozi 3,000 hivi, na wote wakaisha. Kila ninapoandika mpango wa kuhamisha mnyama nawafikiria wale pengwini.

#8 Daktari wa Mifugo

Uzi mzuri. Mimi natibu mbuzi na ng'ombe Dodoma. Swali la kikazi: mshtuko wa kukamatwa je? Mbuzi mwenye mimba ukimkurupusha anaweza kutupa. Hawa wenye mfuko inakuwaje?

#9 Mtegaji wa Moro

Daktari, umegusa penyewe. Woylie jike akiogopa analegeza misuli ya mfuko na kumtupa mtoto nje. Porini pengine ndivyo anavyonusurika yeye, mwindaji anabaki na mtoto. Kwenye mtego, kosa linakuwa letu.

Lilinitokea wiki ya tatu. Nilinyanyua kizimba haraka kwa sababu nilikuwa nimechelewa, mitego minane imebaki na jua linatoka. Nikasikia kitu kinaanguka kwenye gunia. Mtoto, ameshaota manyoya mafupi, yuko kwenye majani anatetemeka. Mkono wangu ukawa mzito. Msimamizi wangu hakunigombeza. Alimchukua mtoto akamweka ndani ya koti lake apate joto, tukamwingiza mama kwenye mfuko wa merikani, tukamrudisha mtoto mfukoni kwake, tukaziba mdomo wa mfuko kwa utepe wa karatasi wa hospitali, ule unaobanduka wenyewe baada ya muda. Kisha tukauweka mfuko wa kitambaa chini ya kichaka, mdomo wazi, tukasogea mbali. Dakika kama kumi hivi, akatoka, akaruka polepole, akapotea. Kuanzia siku hiyo sikukimbia tena, na kila jike mwenye mtoto mkubwa nilimfunga utepe kabla ya kitu kingine chochote.

Ndiyo maana kabla ya kushika mnyama yeyote kule lazima kamati ya maadili ya wanyama ipitishe mpango wako: utashika wangapi, kwa dakika ngapi, nani amekufundisha, utafanya nini mmoja akiumia. Mimi fomu zile zilinichukua miezi mitatu. Zilinichosha, lakini leo naziandika kwa hiari hata pasipodaiwa.

#10 Mama Neema

Asanteni wanangu kwa elimu hii. Nina binti amemaliza shahada ya wanyamapori, analilia kwenda huko huko. Mimi ni mjane, nauza duka. Naogopa mambo mawili: pesa, na binti kulala porini na watu nisiowajua. Naomba uniambie ukweli, usinifiche.

#11 Mtegaji wa Moro

Shikamoo mama. Nakujibu kama ningemjibu mama yangu.

Pesa kwanza. Usiuze kiwanja. Mimi wakala mmoja wa mjini alinichukulia fedha akidai ananitafutia nafasi na viza, kumbe kila alichokuwa anakijaza kilikuwa wazi kwenye tovuti ya serikali ya Australia na kilijazwa na makosa. Nilipoteza fedha na muhula mzima. Binti aandike mwenyewe. Kuna Australia Awards, inalipa ada, nauli na posho. Na kwa masomo ya utafiti kuna ufadhili unaotolewa kupitia vyuo vyenyewe. Kwa huo wa pili, siri ni kumpata msimamizi kwanza: asome kazi zake, amwandikie barua fupi inayoonyesha amezisoma, aeleze ameshika wanyama gani kwa mikono yake. Barua yangu ilijibiwa kwa sababu ya panya wa mashambani. Niliandika nimetega msimu wa mvua na wa kiangazi, na namna mvua inavyofuatwa na mlipuko wa panya. Msimamizi akaona huyu ameshaamka alfajiri.

Viza ya mwanafunzi inadai bima ya afya na ushahidi wa fedha za kujikimu. Anayesoma kozi ya darasani haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 48 kwa wiki mbili masomo yakiendelea, kwa hiyo asipange kujilipia ada kwa vibarua.

Kuhusu usalama: hatulali hovyo. Kuna nyumba ya watafiti, kuna redio, simu ya setilaiti na muda maalumu wa kuripoti. Usiporipoti, unatafutwa. Timu yetu ya watu sita ilikuwa na wanawake wanne, na aliyenifundisha kuendesha gari kwenye mchanga ni mwanamke. Binti ajifunze kuendesha gari la gia kabla ya kuondoka, hilo litamsaidia kuliko koti. Upweke upo, sitakuficha. Miezi ya kwanza nilikuwa naongea Kiswahili peke yangu njiani. Baadaye nikapata familia za Wakenya na Wakongomani Perth, Jumapili ikawa ya ugali.

Na ajifunze kusafisha viatu. Kila tunapoingia eneo jipya tunasugua soli kwa brashi na dawa, kwa sababu ya Phytophthora, ugonjwa wa kuozesha mizizi unaosafiri na udongo. Tope la kiatu kimoja linaweza kuua msitu.

#12 Gede Yetu

Salamu kutoka Pwani, Kenya. Mimi huongoza wageni msitu wa Arabuko-Sokoke. Tuko na sengi wa makalio ya dhahabu hapa, na watu wa kijiji humtega kwa chakula. Nataka kuanza kuhesabu na vijana wenzangu, hatuna mitego ya pesa nyingi. Tuanzie wapi?

#13 Mzalendo wa Kweli

Kabla mtoa mada hajajibu: nimesoma mara mbili, nimeelewa. Hilo la mwaka 1996 limenikaa. Nauliza tu, wewe sasa umerudi au bado uko huko?

#14 Mtegaji wa Moro

Nimerudi mkuu, niko Morogoro. Nina njia tatu za kilomita mbili mbili kwenye misitu ya milima ya kwetu, nazirudia kila baada ya miezi mitatu na vijana wawili wa kijijini. Kamera nane tu, nne nilinunua zilizotumika. Baba mdogo huja nasi mara nyingine, yeye ndiye anayejua mapito ya sengi kuliko sisi sote, na sasa ananidai nimtajie hesabu.

Ndugu wa Gede, usianze na mitego. Sengi ana miguu dhaifu na mshtuko mkubwa, kumkamata kunahitaji kibali na mtu aliyefundishwa. Anza na viota, vile vichuguu vya majani makavu sakafuni mwa msitu. Chora mstari wa kilomita moja kwa kamba, tembea alfajiri watu wawili, mmoja anatazama kulia na mwingine kushoto, hesabuni viota vibichi na vikuukuu mkiviandika mbali mbali. Rudieni mstari ule ule, mwezi ule ule, watu wale wale kama inawezekana. Andikeni tarehe, saa, mvua ya jana. Muongee na ofisi ya msitu kwanza mpate ruhusa. Na wale wanaotega msiwafukuze: waulizeni walikamata wangapi mwaka jana na wapi, wao wana kumbukumbu msiyonayo ninyi.

Nitakutumia karatasi yangu ya kujazia, ina safu tisa. Ukiona safu haijai kwa miezi sita, ifute.